Nilimfunga Uzi Katika Saa Mbaya

Aliyechelewa kufika avute kiti, nimpe habari kwa ufupi, kisha tuendelee na msiba wetu.

Naitwa Kusumlata Ahirwar. Ni mbunge wa Dhaurpur, na kabla yangu mbunge alikuwa mume wangu Ramsevak, mwalimu wa hesabu. Kiti cha Dhaurpur kimetengwa kisheria kwa watu wa tabaka letu, sisi ambao babu zetu walichuna ngozi za ng'ombe waliokufa na kukatazwa kugusa kisima cha wenzao. Mtu wa tabaka la juu haruhusiwi kukigombea. Lakini hakuna sheria inayomkataza kuchagua nani akikalie.

Aliyetuchagulia ni Thakur, yaani bwana wa tabaka la juu, Gajadhar Singh. Yeye ni mbunge wa jimbo la jirani, mwenye mashamba, na mwenye mchanga wote wa mto Jamdara ingawa mto si wake. Kwa miaka mingi Ramsevak aliinua mkono bungeni pale Thakur alipoinua wake. Kisha ukingo wa mto ukachimbwa mpaka ukaporomoka na kuwafukia wanawake wa mtaa wetu waliokuwa wakifua nguo. Mume wangu akasema hilo atalitamka bungeni, liwalo na liwe.

Hakufika. Akiwa kwenye pikipiki, anawahi treni ya Delhi, lori la mchanga lisilo na namba lilimgonga. Haradali ilikuwa imechanua pande zote za barabara. Tulimwokota katikati ya yale maua ya manjano.

Polisi waliandika ajali. Dereva alitoroka. Lori lilifunikwa turubai nyuma ya kituo, na kila tulipouliza ni la nani tuliambiwa uchunguzi unaendelea.

Mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Amma, hakudai fidia wala kesi. Alitaka jina tu. Aliapa kwamba hatavaa viatu mpaka amsikie mtu akilitaja jina la mwenye lori lililomuua mwanawe. Alitembea peku kiangazi kizima, nyayo zikapasuka, na sote tulishindwa kumbembeleza.

Wiki iliyopita nilisimulia jinsi chama kilivyonivika sari nyeupe, kikanipa picha ya marehemu niipakate jukwaani, nikashinda kwa machozi ya watu. Niliishia pale swali langu lilipochaguliwa kwa kura, likawa la pili kujibiwa na Waziri wa Barabara mbele ya Bunge zima. Lile lililoandikwa lilihusu malori yasiyo na namba kwa jumla. Lakini anayeuliza hupewa nafasi mbili za maswali ya nyongeza, na hilo la nyongeza sikuliandika popote. Nililibeba kifuani. Lori lililomuua mume wangu ni la nani?

Nilimpigia Amma simu. Nikamwambia siku hiyo akae mbele ya televisheni, atalisikia jina.

Sasa nisikilizeni.

Siku moja kabla ya swali ilikuwa sikukuu ya rakhi. Ni siku ya dada kumfunga kaka uzi mkononi, kumpaka alama nyekundu katika paji na kumlisha kitu kitamu, naye kaka huapa kumlinda. Si lazima awe kaka wa tumbo moja. Ukishamfunga mwanamume uzi, umepata kaka, naye amepata mzigo.

Mimi sikujaliwa kaka. Mama yangu alizaa wasichana watupu, na kila rakhi tulikaa mlangoni tukitazama wenzetu wakipita na sinia zao. Kwa hiyo mwaka ule mume wangu alipoingia bungeni, Thakur aliponyoosha mkono mbele ya watu na kusema, "Nifunge, Kusum, tangu leo una kaka," nililia kama mtoto. Tangu hapo nilimfunga kila mwaka. Nilimwita Bhaiya, yaani kaka, na mke wake nikamwita wifi. Nilimpenda, sitaficha.

Mtaniuliza: baada ya lori lile la mchanga, bado ulimpenda? Nilijiambia ni wakandarasi wake, yeye hajui. Mtu akitaka kuvaa miwani ya mbao hakosi duka la kuinunua.

Asubuhi ile nilifika nyumbani kwake Delhi na sinia langu: uzi mwekundu wenye ushanga wa dhahabu bandia, taa ndogo ya samli, maladu matamu niliyopika mwenyewe kwa unga wa dengu. Wapiga picha walikuwa wamejaa sebuleni. Mjane wa tabaka la chini na Thakur wake, picha hiyo huuzwa vizuri.

Nilisita kidogo. Amma alikuwa amenionya kwenye simu kwamba kalenda inaonyesha saa mbaya mpaka mchana, na uzi ukifungwa katika saa mbaya humletea balaa aliyefunga na aliyefungwa. Nikamnong'oneza Thakur tusubiri kidogo. Akacheka, akasema kuhani wa nyumbani amepiga hesabu upya na saa mbaya imeisha tangu alfajiri. Kuhani wa Thakur na kalenda ya Amma, nani angemwamini Amma?

Nikamfunga. Nikampaka alama. Nikamtia ladu mdomoni, kamera zikalia. Kabla hajatafuna, simu yake ikaita, akainua kidole kuomba radhi na kutoka haraka kuelekea ndani.

Hilo halikunishangaza. Kila mwaka simu ilimjia ladu likiwa bado mdomoni. Nilikuwa nikimtania kwamba watu wa serikali hawana adabu hata siku ya rakhi.

Aliporudi, wapiga picha walikuwa wameshaondoka. Niliwekewa chai katika kikombe cha karatasi, kama kawaida ya nyumba ile. Akaketi mbali kidogo, akashusha mkono wa shati mpaka kwenye kifundo.

"Kila mwaka kaka ndiye anayetoa zawadi," alisema. "Mwaka huu ninaomba mimi. Kesho Spika akiita jina lako, usiwepo kitini."

Nikamwambia kwamba Amma anasubiri.

"Amma amesubiri miezi, atashindwa na siku chache? Kusum, wewe ni mgeni mle ndani. Ukiuliza hadharani, wenye lori watalichoma moto siku hiyohiyo na kesi itakuwa imezikwa. Niachie mimi. Naapa kwa uzi wako, kabla ya sikukuu ya Diwali nitakuletea jina, na mwenye jina nitamleta kafungwa kamba."

Nilimtazama nikakumbuka zawadi zake zote. Nakumbuka hasa ile ya mwaka wa kwanza. Aliniita pembeni, akanipa sari iliyokunjwa, na juu yake karatasi za kutia sahihi. Alisema amenunua kitu kwa jina langu cha kunitunza uzeeni, kibaki kwake kifanye kazi, siku nikikihitaji nitakikuta. Kwetu dada hamuulizi kaka amempa nini. Huinamisha macho, hupokea, hugusa nayo paji. Basi nikatia sahihi macho yameinama. Amma aliponiuliza ni kitu gani, nilimwambia nadhani ni hisa ya kinu cha kusaga, na wiki nzima nikajisifu nacho kwenye bomba la maji.

Mtu aliyenitendea hivyo, ningemkatalia vipi?

Nikasema sawa, Bhaiya, kesho sitakuwepo. Akaweka mkono wa baraka juu ya kichwa changu, au karibu na kichwa changu. Sikuwahi kupima.

Nilifika garini ndipo nikagundua nimesahau miwani kwenye sinia. Mlango wa mbele ulikuwa umezibwa na wageni wengine wanaoteremka, kwa hiyo nikazunguka na kuingia kwa mlango wa jikoni. Sikuwa nimewahi kupita mlango ule. Dada wa heshima huingilia mbele.

Kwenye ujia kati ya jikoni na ngazi kuna sinki la kunawia. Wifi yangu Yashoda, mke wa Thakur, alikuwa amesimama mbele yake ameshika mkasi. Ndani ya sinki kulikuwa na ladu langu, zima, limeloa mate. Pembeni yake uzi mwekundu umekatwa, ule ushanga umeziba tundu la maji.

Hakushtuka. Ni mwanamke mnene, mtaratibu, na uso wake huwa umechoka tangu asubuhi.

Juu ghorofani nilisikia wanawake wakicheka na vyombo vikigongana. Nilizijua sauti zile, ni dada zake wa damu, wawili, wamekuja kutoka kijijini. Nikauliza swali la kijinga, kwa sababu lile la maana halikutoka kinywani.

"Wifi, mbona wale hawajaanza kumfunga?"

"Wanangoja saa mbaya ipite," alijibu.

Nilishika ukuta. Kumbe Amma alisoma kalenda sawasawa. Mimi nilifungishwa katika saa ambayo dada wa kweli hawezi kuthubutu, kwa kuwa uzi wangu haukuhesabiwa kuwa uzi.

"Yuko wapi?"

"Anaoga."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka." Akaweka mkasi ukingoni mwa sinki. "Na ile simu huwa ni yangu. Ninampigia kutoka hapa, apate sababu ya kutoka. Usinitazame hivyo. Mimi nimeolewa humu, wewe unakuja mara moja kwa mwaka."

Nilitaka kumtukana. Nilitaka kumshukuru pia, kwa sababu katika nyumba ile yeye ndiye wa kwanza kunijibu ukweli. Nikaingiza mkono kwenye sinki, nikautoa uzi wangu, nikaukamua na kuufunga fundo katika pembe ya sari yangu, kama Amma anavyofunga sarafu zake za sokoni.

Wifi akanipa miwani yangu. Alikuwa ameishika muda wote chini ya ushungi.

"Kesho usiende bungeni," akasema. "Mimi sisemi kwa ajili yake. Nasema kwa ajili yako."

Nikamuuliza kwa nini. Akaitazama ngazi, akafungua bomba kwa nguvu zote na kuanza kulisukuma ladu langu kwa vidole lipite tundu.

Nilichukulia maneno yale kuwa ni vitisho. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini siku ile mkuu alikuwa na mkasi mkononi na ladu langu sinkini. Ningemsikiaje?

Mchana huo nilimweleza yote Hemprabha Saikia. Yeye ni mbunge wa Assam, wa upinzani, mwanamke wa umri wa mama yangu, anatafuna tambuu tangu asubuhi, na tunatumia ngazi moja katika nyumba za wabunge. Chama changu hakipendi nimtembelee. Nilitarajia ataziba mdomo kwa mshangao, lakini alinitazama kwa huruma iliyoniudhi.

"Mimi nilidhani unajua," alisema. "Umewahi kunywea kikombe cha kauri pale kwake?"

Nikaanza kukumbuka vikombe vya karatasi, mwaka baada ya mwaka. Vinatupwa baada ya kunywa, asije mwenye nyumba akanajisika kwa kugusa nilipoweka mdomo. Nilidhani ni usasa, na kijijini nilikuwa nikiwasimulia watu jinsi matajiri wa Delhi wanavyopenda usafi.

Nilimwambia kesho naenda kuuliza, hata kama ni siku yangu ya mwisho bungeni. Sasa sina shaka lori ni la nani.

"Jibu unalijua au unalidhani?" aliuliza.

"Ni lake. Ni la nani mwingine?"

"Hilo ni kudhani. Ngoja kikao kijacho, Kusum. Tutafute karatasi za lori kwanza. Hasira hasara."

Nikamjibu kwa ukali kwamba yeye hakumwokota mumewe kwenye haradali. Nilijuta mara moja, maana mume wake alipotea wakati wa vurugu za kwao na hajapata hata wa kumwokota. Nilimshika miguu kumwomba radhi. Akaniinua, akasema basi nenda, ila uvae sari ya rangi, wasikuone mjane, wakuone mbunge.

Nilivaa ya kijani. Pembe yake moja nikaifunga fundo upya, na uzi ndani yake.

Nilipoingia ukumbini asubuhi, Thakur alikuwa safu ya mbele akizungumza na wenzake. Aligeuka akaniona. Hakukunja uso. Alitabasamu kwa masikitiko, kama mtu anayemwona mtoto akikimbilia jiko la moto, kisha akageuka mbele. Nilidhani ni uigizaji.

Mwenye swali la kwanza hakuwepo kitini. Kwa hiyo hata sikupata muda wa kupiga moyo konde, jina langu likaitwa. Nikasimama, nikataja namba ya swali. Waziri wa Barabara, mzee mpole mwenye kukohoa, akasema jibu lake la maandishi limewekwa mezani, na kwa kweli lilikuwa pale: malori haya ni tatizo, hatua zinachukuliwa, majimbo yameelekezwa.

Spika akasema niulize la nyongeza.

Nikasema mwezi wa haradali lori la mchanga lisilo na namba lilimuua mbunge wa Dhaurpur, Ramsevak Ahirwar, akiwa njiani kuja katika ukumbi huu. Lori lile lipo, halikuteketea, liko chini ya turubai. Lori halizaliwi bila mwenyewe. Waziri alitaje jina la mwenyewe.

Watu wa upande wangu wakaanza kupiga kelele kwamba swali limetoka nje ya mada. Wapinzani wakapiga meza. Spika akawanyamazisha wote, akasema mama huyu ni mjane wa marehemu, swali lake linajibika, lijibiwe.

Waziri akageuka nyuma kutazama mahali walipoketi maofisa wake. Huko palikuwa na kuinamiana na kunong'onezana, kisha kikaratasi kikaletwa mbele. Akakisoma. Akakisoma tena. Akavua miwani yake na kunitazama, na katika macho yale nilimwona wifi Yashoda mbele ya sinki.

"Mheshimiwa Spika," alisema, "naomba kumpa Mheshimiwa jibu hili ofisini kwangu, kwa faragha."

Nikafurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi. Niliona wamebanwa, jina liko mkononi mwake na anataka kulimeza. Nilimtazama Thakur mgongoni, shati lake jeupe limekaa sawasawa, nikasema moyoni leo ndiyo leo.

"Mume wangu hakufa kwa faragha," nikasema. "Jibu langu lisomwe hapa."

Wapinzani wakaanza kuimba, "Lisome, lisome." Upande wangu ulikuwa kimya sasa, na hicho kimya kingenishtua kama ningekuwa na akili siku ile. Spika akaitikia kwa kichwa. Waziri akakohoa, akakiinua kikaratasi karibu na uso.

"Lori hilo lilitambuliwa kwa namba iliyogongwa kwenye chesisi. Kwa mujibu wa usajili, mmiliki wake tangu lilipotoka kiwandani ni mtu mmoja, halijawahi kuuzwa." Akasita. "Mmiliki ni Kusumlata, mke wa Ramsevak Ahirwar, mkazi wa Dhaurpur."

Nilidhani amekosea mstari, amesoma jina la muulizaji. Nikasubiri ajisahihishe. Hakujisahihisha.

Kisha nikaikumbuka ile sari iliyokunjwa. Nikaikumbuka kalamu, na karatasi, na macho yangu yaliyoinama. Kitu cha kukutunza uzeeni, kibaki kwangu kifanye kazi. Kumbe kinu changu cha kusaga kilikuwa na magurudumu. Kilikuwa kikibeba mchanga wa Jamdara miaka yote ile, na siku ilipotakiwa kazi nyingine, kikatumwa hiyo pia.

Nilisikia mtu wa safu za nyuma, wa chama changu mwenyewe, akisema kwa sauti ya kusikika, "Ndiyo maana alikikalia kiti upesi." Wengine wakacheka chinichini. Upande wa pili, Hemprabha alikuwa amejifunika uso kwa viganja.

Ndipo Thakur akaomba nafasi ya kusema. Alisimama polepole, akavuta juu mkono wa shati la kulia. Kwenye kifundo palikuwa na nyuzi mbili mpya, nyekundu, zile za dada zake, zilizofungwa saa mbaya ilipokwisha pita.

"Mheshimiwa Spika, huyu ni dada yangu," alisema, na sauti yake ilikatika mahali pake hasa. "Jana amenifunga uzi, nchi nzima imeona picha. Na jana nilimsihi nyumbani kwangu asiingie ukumbini leo. Nilimwomba kama kaka. Hakunisikia, na sasa mmeona nilikuwa namkinga na nini. Yeye ni mjane, mambo ya malori hayajui, labda dereva wake alifanya kazi bila kumwambia. Naliomba Bunge lisimhukumu. Atakayemgusa dada yangu, aanze na mkono huu."

Bunge lilipiga meza. Pande zote mbili. Walimpigia meza kaka mwema.

Kikulacho ki nguoni mwako, tunasema, na mimi kilikuwa kweli nguoni mwangu, kwenye fundo la sari. Nililishika. Nikawaza nilifungue, niuinue uzi wangu halisi waone zile za mkononi mwake si zangu. Lakini ningewaonyesha nini? Kipande cha uzi kilichokatwa, kinachonuka sabuni. Uzi hauna jina. Usajili una jina, na sahihi iliyo chini yake ni yangu kweli, sikulazimishwa, karatasi zenyewe nilizigusisha pajini kwa shukrani.

"Mheshimiwa Kusumlata," Spika aliita, na sasa hakuniita mama. "Una nafasi moja ya swali la nyongeza. Utaitumia?"

Mawazo yangu yalikuwa Dhaurpur, kwenye nyumba ya jirani mwenye televisheni, mahali ambapo Amma alikuwa ameketi mbele, mtaa mzima nyuma yake, miguu peku. Nilikuwa nimemwahidi kwamba leo atalisikia jina la aliyemuua mwanawe.

Alilisikia.

"Mheshimiwa," Spika akarudia, "unauliza au unakaa?"

Simu ikaanza kutetemeka ndani ya mkoba wangu. Nilijua ni Amma. Nilibaki nimesimama, fundo mkononi, sijui nimjibu yupi kwanza, yeye au Spika.